Bima ya Pikipiki na Haki ya Aliyegongwa

(Mada iliyotolewa kwa vijana waendesha bodaboda, wenye pikipiki na wazazi, baada ya swala ya Alasiri, Katesh, Wilaya ya Hanang)



Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), aali zake, Maswahaba zake na kila anayefuata mwendo wao kwa wema. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, swali nililoletewa na maimamu wa Mbulu na Hanang ni fupi: je, bima ni halali au ni haramu? Nimeomba ruhusa nilirefushe kidogo, kwa sababu jibu fupi limekwisha kutudhuru. Kijana mmoja niliyemsomesha Juzuu Amma alipewa pikipiki, akawa anabeba abiria kati ya Dongobesh na Haydom. Siku ya mnada alimgonga mama mmoja mtu mzima kandokando ya barabara, akamvunja mguu. Bima ilikuwa imekwisha muda wake miezi minne nyuma. Kijana akakimbilia Babati kwa mjomba wake, na baba yake akauza maksai watatu ili kulipia matibabu. Nilipomwendea kumuuliza kwa nini hakukata bima, alinijibu: “Ustadhi, si nyinyi mlisema bima ni haramu?” Sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Leo ndiyo nalitoa.

Ni kweli kwamba wanazuoni wengi wa zama zetu wameiharamisha bima ya kibiashara. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwezi wa Rabiul-Akhir mwaka 1406 Hijria, sawa na Desemba 1985, liliamua kwamba mkataba wa bima ya kibiashara wenye malipo maalumu una gharar kubwa inayouharibu mkataba. Mtoaji anatoa kiasi kinachojulikana, naye hajui kama atapata kitu, wala hajui ni kiasi gani. Mtume (s.a.w) amekataza biashara ya gharar, na hadithi hiyo imo katika Sahih Muslim. Mas'ala haya si mageni. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1252 Hijria, aliulizwa juu ya wafanyabiashara wa baharini waliokuwa wakilipa kitu walichokiita “sukra” ili shehena ikizama walipwe, naye hakuhalalisha. Wapo walioona kinyume, mashuhuri wao akiwa Sheikh Mustafa az-Zarqa wa Syria, ambaye aliikubali bima kimsingi. Mimi nafuata kauli ya walio wengi. Lakini baraza lile lile halikuishia kwenye kukataza. Lilielekeza mkataba mbadala, yaani bima ya kusaidiana, ambayo msingi wake ni kujitolea. Sehemu hii ya pili ndiyo tuliyoiacha tulipokuwa tukihubiri.

Sasa tutazame sheria ya nchi. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, imekataza mtu kutumia chombo cha moto barabarani bila bima ya mtu wa tatu. Isitoshe, imekataza pia kumruhusu mtu mwingine akitumie. Nawaomba wenye pikipiki mliokaa safu za mbele mlisikie neno hilo, “kuruhusu”. Bima hii hailipi pikipiki yako ikiharibika, wala haikutibu wewe dereva. Imewekwa kwa ajili ya yule utakayemdhuru. Huwezi kuendesha kihalali bila hiyo, na riziki ya vijana wengi wa wilaya hizi iko juu ya magurudumu mawili. Fiqhi inajua kwamba haja ya watu wengi huweza kushushwa daraja ya dharura, na kwamba kinachoruhusiwa kwa dharura hakivuki kiasi chake. Kwa hiyo nasema: kata ile bima ya lazima, moyo wako ukiwa na utulivu. Bima kubwa ya kibiashara, ile ya kukulipa wewe mwenyewe chombo chako, hiyo hukulazimishwa, basi iache. Na anayesema kwamba kutolipa bima ya lazima ni uchamungu, namuuliza: uchamungu huo unalipiwa kwa mguu wa nani?

Huko Uingereza kijana akinunua gari la mbio hutozwa bima kubwa mno kuliko baba yake, maana kampuni zinahesabu ujana wenyewe kuwa ni hatari. Vijana hulalamika kuwa ni dhulma. Mimi siitetei biashara yao, lakini hesabu yao inatufundisha jambo. Kwetu hapa, bima ya lazima ya pikipiki haimtazami aliyeikalia, awe na miaka kumi na minane au hamsini. Basi hesabu ya ujana nani ataifanya? Ataifanya mzazi, na ataifanya mwenye pikipiki kabla ya kutoa ufunguo. Kijana aliyejifunza kuendesha wiki moja uwanjani, hana leseni, kisha akapewa barabara kuu ya Babati kwenda Singida yenye malori na mabasi, huyo amesukumwa kwenye maangamizi. Na Allah (s.w) ametukataza kujitupa kwenye maangamizi kwa mikono yetu, Suratul-Baqara aya ya 195. Tena mikataba mingi ya bima huweka sharti kwamba dereva awe na leseni. Asiye nayo anaweza kujikuta ana stika na bado deni lote linamrudia.

Nije kwenye pikipiki za mkataba, maana hapo ndipo penye ugomvi. Kijana analeta hesabu kila wiki, na baada ya muda waliokubaliana chombo kinakuwa chake. Bima ikiisha katikati, mwenye chombo anasema, “Wewe ndiye unayeendesha”, kijana anasema, “Kadi ina jina lako.” Nimesuluhisha magomvi ya namna hii zaidi ya mara tatu, na kila mara mkataba ulikuwa wa mdomo. Suratul-Baqara aya ya 282, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, inaamrisha kuandikiana deni la muda na kuweka mashahidi. Andikeni basi: nani analipa bima, nani analipa leseni, na bima ikiisha pikipiki inalala ndani. Siku hizi mtu anaweza kuhakiki bima kwa simu kwa kutumia namba ya usajili, hivyo hakuna udhuru wa kusema sikujua.

Yupo atakayedhani kwamba akishakata bima amemaliza. Hapana. Suratun-Nisaa aya ya 92 imemwekea aliyeua kwa makosa mambo mawili: diya kwa jamaa wa marehemu, na kafara ya kumwacha huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Diya huweza kubebwa na wengine, na katika sharia yetu hubebwa na aaqila, yaani jamaa wa kiumeni wa aliyeua. Kafara haibebwi na kampuni wala ukoo. Na aya hiyo haikumsahau aliyeuawa akiwa ni wa watu ambao kati yetu na wao pana ahadi: naye jamaa zake wana diya yao kamili. Nalisema hili kwa sababu yule mama wa Haydom si Muislamu, na nilisikia kwa masikio yangu mmoja wetu akimwambia yule baba asijisumbue kuuza ng'ombe. Sisi katika wilaya hizi tunaishi na jirani zetu Wairaqw na Wabarbaig, wengi wao si wa dini yetu, kwa amani na ahadi. Yule baba alimjua Mola wake kuliko aliyemshauri.

Kuhusu mbadala, Sudan ilianza kampuni ya bima ya Kiislamu mwaka 1979, na hapa kwetu Mamlaka ya Usimamizi wa Bima imekwisha toa mwongozo wa takaful, na Shirika la Bima la Zanzibar limeanzisha huduma hiyo. Mwenye kuifikia aitangulize. Lakini Katesh na Mbulu tusikae kungoja. Maash'ari, chakula kikiwapungukia, walikuwa wakikusanya walicho nacho katika nguo moja kisha wakigawana sawasawa, na Mtume (s.a.w) akawasifu kwa hilo; Bukhari na Muslim wamepokea.

Tumekubaliana na maimamu kuanzisha mfuko. Kila mwendesha pikipiki atatoa kidogo kila wiki, akinuia kuwa ni tabarrui, asiidai tena. Kazi zake ni mbili: kumkopesha bila riba aliyefikwa na siku ya kukata bima hana fedha, na kumsaidia aliyejeruhiwa na mmoja wetu kwa kile ambacho bima haikukifikia, awe Muislamu au asiwe. Mfuko hauchukui nafasi ya stika, na asiye na leseni hatapokelewa. Daftari liko kwa katibu, mlango wa kulia. Jina la kwanza lililoandikwa ni la yule kijana. Amerudi kutoka Babati, na Ijumaa iliyopita tulikwenda naye na baba yake kumjulia hali yule mama.

Wabillahi tawfiq.