Karakana ya Mchoraji Ianzie Duka la Jirani

Ndugu wasikilizaji, katika mazungumzo ya juma hili napenda tuangalie jambo linalowakwamisha vijana wengi wenye kipaji cha kuchora, nalo ni vifaa. Kijana mmoja wa Mikumi, wilayani Kilosa, aliniuliza kama akope fedha aagize kutoka nje sanduku la rangi na vitambaa vilivyokwisha wambwa. Anataka kuwauzia picha watalii wanaotembelea Hifadhi ya Mikumi. Nia yake ni njema, lakini deni hilo ni la nini?

Tukumbuke alikoanzia Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupaka baiskeli. Picha zake ziliuzwa Oysterbay, nje ya duka la Morogoro Stores. Alifariki mwaka 1972, lakini waliofuata nyayo zake wamelifikisha jina lake pembe nyingi za dunia. Baadaye wengi wao waliacha hadibodi wakahamia kwenye kitambaa, kwa sababu mgeni hawezi kupanda ndege na ubao mkubwa. Picha ya kitambaa huviringishwa ikaingia kwenye mzigo.

Basi kijana wetu anahitaji nini? Kwanza, marekani nzito ya pamba, mbao nne za fremu na misumari midogo. Pili, gundi ya mbao, rangi nyeupe ya maji ya kupaka ukutani, na msasa laini. Tatu, makopo madogo ya rangi ya mafuta: nyekundu, njano, buluu, nyeupe na nyeusi. Rangi nyingine atazichanganya mwenyewe. Nne, brashi tatu: pana, ya kati na nyembamba. Vitu hivi hupatikana katika maduka ya vitambaa na ya vifaa vya ujenzi.

Hata hivyo, rahisi si kulipua kazi. Kitambaa kipakwe kwanza gundi iliyozimuliwa kwa maji, kikauke, kisha rangi nyeupe mara mbili. Asiyefanya hivyo, rangi yake hunywewa na kitambaa, picha ikafifia. Wala asipake rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta, itabanduka. Fedha kidogo iliyobaki aiweke kwenye brashi nzuri. Kila jioni aisafishe kwa mafuta ya taa, kisha sabuni, na ailaze. Brashi inayosimamishwa kwa nywele zake huharibika upesi.

Lipo jambo zito zaidi. Vijana wengi huchorea chumba kile kile wanacholala na wadogo zao. Mvuke wa rangi na tina huumiza kichwa na mapafu. Baadhi ya rangi za mafuta zimetengenezwa kwa madini ya risasi, nayo ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Kwa hiyo achague kopo lililoandikwa kwamba halina risasi, achoree barazani au chini ya mti, na petroli asiitumie kabisa kuzimulia rangi. Moto hauna msamaha.

Kwa wenzetu wa Kilosa mjini naongeza neno. Mto Mkondoa ulipofurika Desemba 2009 na Januari 2010, maji yaliingia majumbani. Vitambaa na picha zilizokamilika zisikae sakafuni, zitundikwe juu.

Nanyi wazazi, mtoto akiomba fedha ya brashi msimwambie anacheza. Mpeni kona ya baraza na mumuulize picha ya kwanza itakamilika lini. Haba na haba hujaza kibaba. Mkopo usubiri mpaka picha zianze kununuliwa.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.