MBEGU YA ALIZETI IANZIE GHALANI

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Masanze, Wilaya ya Kilosa



Mwanachama anapopewa mbegu na chama chake kwa mkopo, hupewa vitu viwili kwa pamoja: mbegu na deni. Mbegu isipoota, deni hubaki palepale. Ndiyo sababu mazungumzo haya juu ya kilimo cha alizeti yanaanzia ghalani, wala si shambani.

Kabla ya kugawa mbegu, katibu na ahesabu punje 100 zilizochotwa katika magunia mbalimbali bila kuchagua, azipange juu ya kitambaa chenye unyevu, akikunje na kukiweka kivulini pasipo kukiacha kikauke. Baada ya siku 7 hadi 10 ahesabu zilizoota. Zikifika 85, mbegu ni njema. Zikiwa 60 tu, mkulima apandaye punje mbili kila shimo atakuta mashimo 16 katika kila 100 yamebaki matupu. Mbegu ya namna hiyo irudishwe kwa aliyeiuza, na matokeo yaandikwe daftarini mbele ya wajumbe wa bodi. Ila alizeti iliyovunwa juzi hulala kwa majuma kadhaa kabla ya kukubali kuota, isihukumiwe upesi.

Watu wa Kilosa hawana udhuru wa kununua mbegu kwa mchuuzi wasiyemjua. Kituo cha utafiti cha Ilonga, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kimo wilayani humu, na shamba la Msimba la Wakala wa Mbegu za Kilimo halipo mbali.

Mwenye kupanda aina ya Record aweza kujiwekea mbegu, ilimradi achague vichwa vikubwa vya katikati ya shamba, na shamba lenyewe liwe mbali na alizeti ya aina nyingine, kwa maana nyuki hawajui mpaka. Chotara ni jambo jingine. Huzaa sana, lakini punje zake zikirudiwa kupandwa, mimea hutoka mirefu kwa mifupi wala haikomai pamoja. Katibu agawaye chotara bila kulieleza jambo hili anamtia mwenzake hasarani.

Shambani kazi si ngumu. Mistari iachane sentimita 75, na shimo kwa shimo sentimita 30. Ekari moja hupata mashimo yapata 18,000. Punje zisifukiwe zaidi ya sentimita 5. Majuma mawili au matatu baada ya kuota, ubakizwe mche mmoja kila shimo. Wengi huona huruma kung'oa, na huruma hiyo huzaa vichwa vidogo. Palizi ya kwanza isicheleweshwe. Upandaji upangwe ili vichwa vikomae mvua za masika zimekwisha, kwani kichwa kilichokomaa kikinyeshewa huoza. Maua yakichanua, dawa ya wadudu isipulizwe mchana: nyuki ndio wanaojaza punje.

Mgongo wa kichwa ukigeuka kutoka kijani kuwa manjano, kisha ukaanza rangi ya kahawia, uvunaji usingoje. Ndege hawangoji.

Hapa ndipo penye ugomvi mwingi. Mwanachama mmoja hukausha alizeti yake sawasawa. Mwingine huileta ingali na unyevu, na wote wawili hulipwa bei moja kwa kilo. Yule mwaminifu ndiye aliyeadhibiwa. Tena chama nacho huumia. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 15, zikikauka hadi asilimia 9, hubaki kilo 93 na kitu. Kilo zipatazo 7 zimepotea hewani, ilhali vitabu vinasema zimo ghalani. Mkaguzi apimapo mzigo na kuukuta pungufu, katibu huitwa mwizi mbele ya mkutano mkuu, kumbe kosa lake ni kununua maji. Wako makatibu waliopoteza heshima zao kwa njia hii bila kula hata senti ya mtu.

Kwa hiyo stakabadhi ya kila mwanachama ionyeshe uzito pamoja na kiwango cha unyevu, mzigo mbichi urudishwe kwenye turubai ukaanikwe, na mzani uwe umekwisha kukaguliwa na Wakala wa Vipimo kabla ya kununuliwa gunia la kwanza.