Kifua Kikuu na Watoto wa Dago

Kila mwaka upepo wa kaskazi uanzapo kuvuma, wavuvi wa Pemba, hasa watu wa Kojani, huvuka bahari kuja kupiga dago katika pwani ya Kilifi, Watamu na Malindi. Wengine wamekwisha kuhamia pamoja na jamaa zao, na mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba wakaao pwani hii kuwa jamii ya raia wake. Vivyo hivyo watu wa bara ya Kilifi hutoka Ganze na Bamba kutafuta kazi mjini Malindi au katika viwanda vya chumvi vya Gongoni. Kusafiri si kosa. Lakini uko ugonjwa mmoja ambao matibabu yake huharibika mgonjwa akiondoka bila kuaga, nao ni kifua kikuu.

Vijidudu vya ugonjwa huu, alivyovitangaza Robert Koch mwaka 1882, huenea kwa hewa mtu mgonjwa akohoapo. Havienezwi na sahani wala kikombe, na ugonjwa huu si laana ya ukoo. Mtoto mdogo mara nyingi huambukizwa na mtu mzima walalaye chumba kimoja. Tena mtoto hawezi kutoa makohozi kama mkubwa, kwa hiyo ugonjwa wake hufichika. Yafaa wazazi waangalie dalili hizi: kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, homa isiyokwisha, kukonda au kutoongezeka uzito, na mtoto kuacha kucheza na wenzake. Chanjo ya BCG apewayo mtoto azaliwapo humlinda na kifua kikuu kikali, kama kile cha ubongo, lakini haizuii kila namna ya ugonjwa huu.

Hapo zamani matibabu yalidumu miezi 18 au zaidi. Majaribio yaliyofanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia katika miaka ya 1970 yalisaidia kuonyesha ya kwamba miezi 6 yatosha. Mwaka 2016 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuwapa watoto, nchini kote, vidonge vyenye ladha ya matunda viyeyukavyo katika maji. Kabla ya hapo wazazi walikuwa wakivunjavunja vidonge na kukisia kipimo. Dawa hizi hutolewa bila malipo katika hospitali za Serikali. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali miezi 4 kwa watoto wasiougua sana, lakini daktari ndiye wa kuamua.

Mtoto atibiwaye vyema hupona. Watoto zaidi ya milioni 1 huugua kila mwaka duniani, na karibu wote wanaokufa ni wale ambao hawakupata dawa.

Shida yenyewe ni hii: dawa ni ya miezi 6, na kaskazi haidumu miezi 6. Chukueni mfano wa mtoto aanzaye dawa Malindi mwezi wa Januari. Kufika mwisho wa Machi amenenepa, anakimbia ufuoni. Upepo unageuka, baba anatweka tanga, na mama anadhani mtoto amekwisha pona. Kumbe vijidudu vingine vingali hai mwilini, na huenda vikarudi na usugu usioshindwa na dawa za kwanza. Katika daftari la hospitali jina lake huandikwa pamoja na waliopotea, na hapana ajuaye kama yu mzima au amekufa.

Dawa ya shida hiyo si ngumu. Kabla ya kusafiri, mzazi amwambie mhudumu wa kliniki aendako. Apewe barua ya uhamisho na vidonge vya njiani, kisha aende na barua hiyo hospitali ya kule, iwe Wete, Chake Chake, au Ganze. Nahodha naye, kabla ya kung'oa nanga, aulize kama chomboni yumo mtoto anywaye dawa.

Mwisho, mtu mzima akionekana ana kifua kikuu, watoto wote wa nyumba yake wapelekwe kupimwa, hata wasiokohoa, maana iko dawa ya kuwakinga. Mficha maradhi, kilio humfichua.