Pua Iliyopinda na Pumzi Isiyotosha

Kama una pipi kifua hapo ulipo, msikilizaji, itie mdomoni, imumunye, kisha vuta hewa kwa pua. Utaapa kwamba pua imezibuka. Wapi! Mwaka 1990 Profesa Ron Eccles na wenzake wa Cardiff, kule Wales, waliwapa watu wenye mafua vidonge vya kumumunya vyenye mentholi, kisha wakapima kwa mashine jinsi hewa inavyopita puani. Wagonjwa walisema wanapumua vizuri zaidi. Mashine ikaonyesha njia bado imebana vilevile.

Pua haipimi wingi wa hewa, inahisi ubaridi. Hewa ikipita hupoza utando laini wa ndani, mishipa ya fahamu ikapeleka habari ubongoni kwamba pumzi inaingia. Mentholi huamsha mishipa hiyohiyo, nasi tukaridhika.

Nayasema haya kwa ajili ya wale wanaotoka kupiga picha ya pua hospitalini na karatasi mkononi, imeandikwa ukuta wa kati wa pua umepinda, na kabla hawajafika nyumbani wameshaanza kuulizia bei ya upasuaji. Ukuta huo, gegedu kwa mbele na mfupa kwa nyuma, ni wachache waliojaliwa kuwa nao ulionyooka kabisa. Kuna waliozaliwa hivyo, kuna waliopigwa kiwiko uwanjani, na wengi hawana hata habari. Mmoja ukuta umepinda sana na analala fofofo. Mwingine umepinda kidogo tu, anakesha ameachama mdomo.

Tofauti hiyo ina sababu zake. Kwanza, ni pale ukuta ulipopindia. Mbele, karibu na tundu, ndipo njia ilipo nyembamba kuliko kwingine kote. Ukuta ukipinda kidogo hapo hukaba kuliko ukipinda sana huko nyuma. Ndiyo maana daktari anayejua kazi yake huanza kwa kuchungulia na taa, si kwa kukutuma ukapige picha.

Pili, kuna vinyama vya pembeni ndani ya pua, ambavyo kazi yake ni kupasha hewa joto na kuitia unyevu. Hivi huvimba na kunywea kwa zamu, tundu hili kwa saa kadhaa, kisha lile. Mjerumani Richard Kayser alilieleza jambo hilo mwaka 1895. Mwenye ukuta ulionyooka hagundui zamu hizo. Mwenye ukuta uliopinda anaweza kukushangaza: analalamikia upande ulio mpana! Upande mwembamba ameuzoea, umebana siku zote. Ule mpana ndio anaoutegemea, na zamu yake ya kuvimba ikifika, anaona pumzi imekatika. Vumbi na aleji vikiongezeka hapo, lawama yote unatupiwa ukuta.

Na wapo wanaojiziba wenyewe. Matone ya kuzibua pua yanayouzwa duka la dawa yametengenezwa kwa siku chache. Ukiyatumia wiki baada ya wiki, pua huvimba kila dawa inapoisha nguvu, nawe unaongeza matone. Hapo kisu hakitakusaidia kitu.

Sisemi upasuaji ni bure. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023, wenye watu wazima 378 katika hospitali 17, uliwalinganisha waliopasuliwa na waliotumia dawa ya kupulizia pamoja na maji ya chumvi. Baada ya miezi 6, waliopasuliwa walikuwa na nafuu zaidi. Lakini angalia watu hao walivyopatikana: kwa kuulizwa wanavyoteseka, na alama zao zikafikia kiwango. Na nafuu yenyewe ilipimwa kwa maelezo yao. Kwangu mimi hilo ndilo la kuzingatia. Anayekwambia ukuta umepinda kwa hiyo upasuliwe, bila kukuuliza unalalaje, amesoma picha, hajakusikiliza wewe.

Basi ukienda kwa daktari wa masikio, pua na koo, mweleze kwa kinaga ubaga: upande gani unaziba, ni muda wote au kwa zamu, unapiga chafya na kuwashwa au la, na matone gani umekuwa ukitumia na kwa muda gani. Na kama upande mmoja umeziba moja kwa moja na unatoa damu, usingoje mwezi ujao; nenda wiki hii.