Mtoto Anapougua Safarini: Mazungumzo kwa Wazazi na Walezi Wanaozuru Nyumbani Wakati wa Likizo



Kila mwaka, shule za Uingereza zinapofungwa kwa likizo ya kiangazi, familia nyingi zenye asili ya Afrika Mashariki hufunga safari kwenda kuwatazama wazee. Masanduku hujaa nguo, viatu na zawadi za majirani. Jambo moja husahauliwa mara kwa mara, nalo ni namna ya kumpatia mtoto matibabu iwapo ataugua akiwa mbali na daktari wake. Mazungumzo haya yanahusu jambo hilo, na yamekusudiwa familia zinazoishi Uingereza na kusafiri kwenda maeneo yenye malaria.

Mgeni katika nyumba ya bibi yake

Uchukuliwe mfano wa familia moja. Mama alizaliwa na kukulia Muheza, mkoani Tanga, kisha akahamia Uingereza. Mwanawe wa miaka 4 amezaliwa Uingereza, na hii ndiyo safari yake ya kwanza. Usiku wa siku ya 12 ya likizo, mtoto anaamka mwili ukimchoma, analalamika kichwa na kukataa chakula. Bibi anamgusa paji la uso na kusema, “Mwanangu, usihangaike. Hii ni homa ya kubadili hewa tu. Wewe mwenyewe umekua na homa hizi hizi.” Mama anampa mtoto parasetamoli. Baada ya muda jasho linamtoka, anatabasamu, anaomba maji, na nyumba nzima inarudi kulala. Alfajiri homa imerejea.

Bibi hakusema uongo. Mtu anayekulia penye malaria na kuugua mara nyingi hujijengea kinga ya kiasi fulani, na homa inayomwangusha mgeni huenda ikampitia yeye kwa wepesi. Lakini kinga hiyo mama hamrithishi mwanawe aliyezaliwa ugenini. Tena hupungua hata kwa mama mwenyewe akishaishi miaka kadhaa mbali na ugonjwa huo. Mtoto huyu kwa damu ni mwenyeji. Kwa mwili ni mgeni. Malaria inayosababishwa na vimelea vya falsiparamu, ambavyo ndivyo vilivyoenea zaidi Afrika Mashariki, inaweza kumfikisha mtoto wa namna hii katika hali ya hatari ndani ya siku moja au mbili.

Parasetamoli hushusha joto la mwili, lakini haigusi vimelea vilivyomo katika damu. Homa ya malaria, kwa tabia yake, hupanda na kushuka. Kwa hiyo kutulia kwa mtoto baada ya dawa ya homa si ushahidi kwamba amepona.

Kanuni ni moja: mtoto anayepata homa akiwa penye malaria apimwe siku hiyo hiyo. Malaria huchukua takriban wiki moja au zaidi tangu mtoto aumwe na mbu hadi dalili zijitokeze. Homa ya siku za kwanza za safari huenda ikawa na chanzo kingine, lakini nayo inahitaji uchunguzi.

Mama wa mfano huu anaweza kumjibu mzazi wake kwa heshima bila kurudi nyuma: “Mama, maneno yako nimeyasikia. Ila mwili wa mtoto huyu haujaizoea malaria kama wangu ulivyoizoea. Nampeleka akapimwe, tukirudi tutakunywa chai pamoja.” Kusubiri siku ya pili kwa kuogopa kumvunjia mzee heshima kunaweza kugharimu uhai.

Kipimo na dawa

Kipimo cha malaria kinapatikana katika zahanati, kituo cha afya au hospitali. Mtoto hutobolewa kidole, na tone la damu hupimwa kwa kipimo cha haraka, ambacho hutoa jibu kwa muda wa takriban dakika 20, au hutazamwa kwa darubini. Mzazi amweleze mhudumu mambo matatu: kwamba mtoto anaishi Uingereza, kwamba hana kinga ya malaria, na jina la dawa ya kujikinga anayotumia, ikiwa anatumia. Haifai kutibiwa kwa dawa ile ile iliyoshindwa kumkinga. Vilevile, kumeza dawa ya kinga hakumaanishi kwamba mtoto hawezi kupata malaria.

Malaria isiyo kali hutibiwa kwa dawa mseto. Iliyo ya kawaida zaidi hutolewa kwa uzito wa mtoto, mara 2 kwa siku kwa siku 3. Dozi ya pili hutolewa saa 8 baada ya ile ya kwanza, na kila dozi huambatana na chakula au maziwa. Mtoto amalize dozi zote hata akionekana mzima siku ya pili. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, arudishwe kwa mhudumu. Jibu likiwa kwamba hana malaria, mzazi aulize homa inatokana na nini. Na homa ikiendelea, kipimo kirudiwe.

Mzazi aliyezoea vibandiko vya dawa vya Uingereza asione haya kuuliza. Bahasha ya dawa yenye maandishi “1 × 3” ina maana ya kidonge kimoja mara 3 kwa siku. Dawa ya maji ipimwe kwa bomba au kijiko kilichokuja nayo, si kijiko cha jikoni. Nguvu ya dawa isomwe kwenye chupa: parasetamoli ya watoto wadogo kwa kawaida ina miligramu 120 katika kila mililita 5, na ya watoto wakubwa ina miligramu 250 katika kiasi hicho hicho. Aspirini asipewe mtoto yeyote aliye chini ya miaka 16 bila agizo la daktari.

Dalili zisizongoja asubuhi

Zipo dalili ambazo zikionekana, mtoto hupelekwa hospitali wakati huo huo, hata kama ni usiku wa manane. Nazo ni hizi: hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila anachopewa, amelegea au haamki vizuri, anapumua kwa kasi au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, viganja vimepauka, macho yamekuwa ya manjano, mkojo umekuwa mweusi au hapati mkojo, shingo imekakamaa, ana vipele visivyofifia vikikandamizwa kwa bilauri ya kioo, au amepata degedege. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi naye hasubiri.

Kuhusu degedege, ni lazima lisemwe wazi jambo linalosemwa kwa kunong’ona. Katika sehemu nyingi za pwani, wazee wamepokea imani kwamba degedege ni mambo ya pepo, na kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Imani hiyo ilizaliwa na uchungu wa kweli, kwani watoto wengi walifikishwa hospitali wakiwa wamechelewa mno, na kifo kikafuata sindano. Lakini kilichoua ni ugonjwa uliocheleweshwa. Degedege penye homa ya malaria laweza kuwa dalili kwamba ugonjwa umefika kwenye ubongo, na dawa inayomwokoa mtoto huyo hutolewa kwa sindano. Mtoto alazwe kwa ubavu, nguo zilegezwe, asiwekewe kitu chochote mdomoni, asimwagiwe maji, na apelekwe hospitali mara moja. Dua inaweza kusomwa njiani.

Mtoto anayeharisha

Kuharisha ndiko kunakowapata zaidi watoto safarini, na hatari yake kubwa ni kupungukiwa maji. Mtoto aendelee kunyonya na kula, na apewe maji ya ORS kidogo kidogo, mara kwa mara. Pakiti za ORS hazifanani: nyingi zinazouzwa Uingereza huchanganywa na mililita 200 za maji, ilhali zile zinazotolewa kwa kawaida Afrika Mashariki huchanganywa na lita 1. Kuchanganya ya lita moja katika bilauri moja humpa mtoto chumvi kupita kiasi. Kwa hiyo maandishi ya pakiti yasomwe kila mara, na maji yawe yamechemshwa au ya chupa iliyofungwa. Akiharisha damu, macho yakididimia au akilia bila machozi, apelekwe kwa mhudumu wa afya.

Gharama na bima

Huduma ya bure ya NHS haimfuati mtu hadi Afrika Mashariki. Kadi ya GHIC, ambayo hutumika katika nchi za Umoja wa Ulaya na nyingine chache, haina kazi Tanzania wala Kenya. Hospitali za binafsi huenda zikadai malipo kabla ya kumlaza mtoto, na ndege ya kumhamishia mgonjwa mahututi ni gharama isiyobebeka na familia ya kawaida. Kwa sababu hiyo bima ya safari inunuliwe kabla ya kuondoka, na ugonjwa wowote wa mtoto, kama pumu au selimundu, utajwe bila kufichwa. Bima iliyopatikana kwa kuficha inaweza kukataa kulipa. Zanzibar nayo, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, huwataka wageni kutoka nje wawe na bima yake maalumu.

Mtoto akiugua, kampuni ya bima ipigiwe simu mapema iwezekanavyo, ila katika hali ya hatari matibabu yatangulie simu. Risiti, majibu ya vipimo na karatasi ya ruhusa ya hospitali zihifadhiwe zote: za pesa kwa ajili ya bima, za tiba kwa ajili ya daktari wa Uingereza.

Kabla ya kuondoka

Mzazi amwone daktari, muuguzi au kliniki ya wasafiri angalau wiki 4 hadi 6 kabla ya safari; na hata ikiwa imebaki wiki moja, kwenda bado kuna faida. Hapo chanjo za mtoto zitakaguliwa, ikiwemo ya surua, na dawa ya kinga ya malaria itachaguliwa kwa uzito na umri wake. Dawa hiyo inunuliwe Uingereza, na imezwe hadi mwisho hata baada ya kurudi: kuna inayoendelea kwa siku 7, na kuna inayoendelea kwa wiki 4. Mtoto mwenye selimundu ashughulikiwe mapema zaidi na daktari wake, maana malaria kwake ni ya hatari kubwa. Chandarua chenye dawa na mafuta ya kufukuza mbu yawe sehemu ya mizigo.

Kitabu chekundu cha afya ya mtoto, ambacho ni ndugu wa kadi ya kliniki inayojulikana nyumbani, kisafiri pamoja na mtoto, au kipigwe picha kwenye simu. Mtoto anayepelekwa kukaa na bibi au shangazi bila wazazi apewe barua ya idhini, inayomruhusu mlezi huyo kukubali matibabu kwa niaba yao. Na siku ya kwanza ya kufika, familia iulize: hospitali ya karibu inayofanya kazi usiku ni ipi, na ni gari la nani litakalotumika? Swali hilo likiulizwa mchana, usiku huwa mwepesi.

Baada ya kurudi

Hatari haiishi uwanja wa ndege. Malaria inaweza kujitokeza wiki au miezi baada ya safari, wakati masanduku yameshasahauliwa na kila mtoto darasani ana mafua. Homa yoyote inayompata mtoto ndani ya mwaka mmoja tangu arudi ichukuliwe kuwa jambo la dharura, na apimwe malaria siku hiyo hiyo. Mzazi asisubiri kuulizwa. Sentensi yake ya kwanza kwa daktari iwe kwamba mtoto huyu alikuwa Tanzania, au Kenya, au popote alipokuwa, na tarehe aliyorudi. Daktari asiyeambiwa habari ya safari ataona homa kama homa nyingine.

Kwa ushauri, namba 111 hupigwa bure saa zote, usiku na mchana. Mzazi asiyejiamini katika Kiingereza ataje tu lugha yake, “Swahili”, na mkalimani atatafutwa bila malipo. Mtoto asigeuzwe mkalimani wa ugonjwa wa mdogo wake. Penye dalili za hatari zilizotajwa hapo juu, namba ni 999.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa homa ya mtoto ni mdogo siku ya kwanza, na kipimo kinachouziba ni tone moja la damu. Likizo ipangwe, wazee wakatazamwe, watoto wakawajue binamu zao na wale embe chini ya mti wake. Kisha warudi wakiwa wazima, na hadithi za kusimulia.