Mwalimu Kwenda Chuo Kikuu

Jioni hii twataka kunena nanyi juu ya jambo ambalo sisi tunaofundisha katika chuo cha ualimu huulizwa kila mwaka, hasa na watu wa kwetu kusini, wa Chidya, Masasi na Newala. Huja mzazi, au huja mjomba wa kijana, maana kwa desturi ya Wamakonde, Wamakua na Wayao neno la mjomba ni zito, naye huuliza: "Mwalimu, mtoto wetu amekwisha kupata stashahada ya ualimu. Je, yafaa tuuze korosho za mwaka huu tumpeleke chuo kikuu, ama hiyo aliyo nayo yamtosha?" Swali hili si dogo. Fedha ni za ukoo mzima, miaka si michache, na mara nyingi yule aendaye ndiye mwenye nguvu za kubeba pampu na kupuliza mikorosho.

Kwanza yatupasa kujua shahada ni kitu gani kwa mwalimu wa sekondari. Wako wadhanio kwamba ni karatasi ya kupandisha mshahara. Mshahara hupanda, hatuwezi kuficha. Lakini kazi yenyewe ya shahada ni nyingine. Mwanafunzi wa sekondari ana kitabu mkononi, na mwalimu ana kitabu kilekile. Ikiwa mwalimu hajui zaidi ya kitabu hicho, basi darasani mna wasomaji wawili, na tofauti yao ni kwamba mmoja amesimama na mwingine ameketi.

Chukueni mfano wa kwetu. Kila mtoto wa Chidya ajua kwamba mikorosho ikianza kutoa maua, ugonjwa wa ubwiriunga huyashika yakawa meupe kama yaliyonyunyiziwa unga, kisha hukauka. Ajua pia kwamba dawa yake ni salfa, nayo hupulizwa asubuhi na mapema, upepo ungali umetulia, tena hurudiwa mara kadhaa katika msimu mmoja. Sasa mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliyeamka alfajiri kumsaidia baba yake, huingia darasani na kuuliza: "Mwalimu, kwa nini turudie? Mbona dawa ya malaria humezwa siku tatu ikaisha?" Mwalimu ambaye elimu yake imekoma katika ukurasa ule ule uliofunguliwa atajibu, "Ndivyo walivyoagiza wataalamu." Aliyesoma kemia na baolojia hasa ataeleza kwamba ubwiriunga ni kuvu iotayo juu ya maua na majani machanga, na kwamba salfa haiingii ndani ya mti ikatembea na maji yake, hukaa juu, hulinda pale ilipogusa, wala haiendi mbali. Ua lililochanua baada ya kupuliza halina kinga. Kisha hataishia hapo. Atamrudishia mtoto swali: mvua ikinyesha jioni ya siku ile, itakuwaje? Na yule mtoto atafikiri, atajibu mwenyewe, na siku hiyo kemia itakuwa imetoka katika kitabu ikaingia shambani kwa baba yake.

Mfano mwingine ni wa historia. Vita vya Majimaji vya 1905 vilifika hata Masasi, na kila kitabu cha shule huorodhesha sababu zake, nao watoto huzikariri. Lakini mwaka 1968 waalimu wa historia wa chuo kikuu pale Dar es Salaam, akiwamo Bwana John Iliffe, waliwatuma wanafunzi wao waende vijijini kwa wazee waliokuwa wangali hai, wawaulize waliyoyaona na waliyoyasikia, wayaandike, kisha wayalinganishe na maandiko ya Wajerumani. Hiyo ndiyo kazi ya shahada: kujifunza jinsi habari inavyopatikana na jinsi ya kuipima, si kuzipokea habari tu. Mwalimu aliyekwisha kuifanya kazi hiyo hata mara moja hawezi tena kufundisha historia kama mtu asomaye orodha ya wadaiwa.

Twapenda kuwakumbusha mwalimu mmoja mnayemjua wote. Julius Nyerere alisoma Makerere tangu 1943 hata 1945, akapata stashahada ya ualimu. Siku hizo Makerere ilikuwa haijaanza kutoa shahada. Ilianza safari hiyo mwaka 1949 ilipofungamana na Chuo Kikuu cha London. Nyerere akafundisha miaka mitatu Tabora, shule ya Mtakatifu Maria, na ndipo mwaka 1949 akaenda Edinburgh, akarudi na shahada yake ya 1952, akafundisha sekondari ya Pugu mpaka aliposhika kazi ya siasa mwaka 1955. Shahada ile iliitwa M.A., na wengi hudhani kwa sababu hiyo ilikuwa ya uzamili. Sivyo; katika vyuo vya kale vya Scotland shahada ya kwanza ya sanaa ndiyo huitwa hivyo. Nasi twaona jambo kubwa zaidi katika habari hii ni mpango wake: alifundisha kwanza, kisha akaenda kusoma. Alijua darasa linataka nini kabla hajaketi mbele ya maprofesa. Wanachuo wetu waliokwisha kushika chaki miaka miwili mitatu husoma chuo kikuu kwa njaa ambayo kijana atokaye moja kwa moja kidato cha sita hana.

Lakini habari ya kusini ina uchungu wake, nayo lazima isemwe. Shule ya Chidya iliwekwa na misheni ya UMCA, na kwa muda mrefu wenye shahada waliofundisha katika shule za namna hiyo walikuwa Waingereza. Watoto wetu walipoanza kuzipata shahada, uhuru ulikuwa umefika na ofisi zote za Serikali zilikuwa zikitafuta watu. Hayati Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso katika Masasi, alisoma Ndanda na Pugu, akamaliza shahada Makerere mwaka 1962. Serikali ikamchukua, na mwisho wake akawa Rais wa nchi. Hatumlaumu hata kidogo. Nchi ilikuwa na haja naye. Twasema tu kwamba darasa lilikuwa la mwisho katika foleni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe, kilipofunguliwa Oktoba 1961, kilianza na sheria, si ualimu.

Baadaye njaa ya walimu ilizidi. Mpango wa kupanua elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004 ulizaa shule karibu katika kila kata, na majengo yalisimama upesi kuliko walimu walivyoweza kufunzwa. Vijana waliotoka kidato cha sita walipewa mafunzo ya majuma machache wakatumwa kufundisha, na watu wakawapachika majina ya mzaha. Mzaha ule haukuwa wa haki, maana wale vijana hawakujituma. Ndipo mwaka 2005 Chang'ombe na Mkwawa vikafanywa vyuo vikuu vishiriki vya Dar es Salaam, kazi yao hasa ikiwa kufunza walimu wenye shahada. Hata leo shule nyingi za kata zina upungufu wa walimu wa hisabati na fizikia.

Basi njia ni zipi? Iliyo kuu ni shahada ya kwanza pamoja na elimu: miaka mitatu, mtu akisoma masomo mawili atakayofundisha, pamoja na elimu ya kufundisha, tena hutumwa shuleni kwa majuma kadhaa kufanya mazoezi huku akikaguliwa. Mwenye stashahada huweza kuingia, lakini iwe ya alama nzuri, si ya kupenya tu. Njia ya pili ni ya yule aliyekwisha kupata shahada isiyo ya ualimu, tuseme ya sayansi au ya lugha. Huyo husoma Stashahada ya Uzamili katika Elimu, kwa kawaida mwaka mmoja, ndipo awe mwalimu kamili. Wengine huidharau njia hii wakisema, "Mimi fizikia naijua, nifundishwe nini tena?" Tumewaona watu wa namna hiyo mbele ya watoto arobaini. Fizikia wanaijua kweli, walakini inabaki kwao.

Watu wa zamani wa kwetu walikwenda kusoma mbali, Kiungani huko Unguja, kisha Minaki, kisha Makerere. Na kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003, masika yakishika njia ilifungika, mwanafunzi akakwama huku mitihani ikimngoja. Sasa safari ni nyepesi, na zaidi ya hayo chuo kimesogea: tangu 2009 kiko Chuo cha Stella Maris huko Mtwara, chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kinachofunza walimu. Kadhalika Chuo Kikuu Huria, kilichowekwa kwa sheria ya 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, kina kituo Mtwara. Kwa huyu twataka akina mama walimu wasikilize vizuri. Mwalimu mwenye mtoto mchanga na mume na shamba aweza kusoma nyumbani, akaenda kituoni kwa mitihani na mafunzo ya ana kwa ana. Ni njia ndefu, tena ya upweke, na taa huwaka usiku sana. Lakini haimtoi mtu nyumbani kwake wala kazini.

Aliye katika ajira ya Serikali asiondoke bila ruhusa ya masomo kwa maandishi. Anayeondoka kimya huhesabiwa mtoro, na tumewaona waliorudi na shahada mkononi wakakuta kazi haipo.

Turudi kwa mjomba na korosho zake. Iko Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, nayo humkopesha mwanafunzi mhitaji wa shahada ya kwanza; ualimu wa sayansi na hisabati kwa miaka mingi umo katika masomo yanayotangulizwa. Walakini mkopo ni deni. Kwa sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Tena zamani aliyehitimu ualimu alipangiwa shule moja kwa moja. Siku hizi huomba, husailiwa, na wako wengi wenye shahada wanaokaa nyumbani miaka wakingoja nafasi. Mwenye masomo ya sanaa hungoja zaidi kuliko mwenye hisabati au fizikia. Kwa hiyo jibu letu kwa mjomba ni hili: korosho za msimu ziuzwe, mikorosho isiuzwe wala isiwekwe rehani. Na kijana ambaye tayari ana ajira asiiache ili kwenda kutafuta shahada, kama Chuo Huria chaweza kumfaa.

Wengine huuliza, "Akisoma, atarudi Chidya?" Hatuwezi kumfunga mtu kwa kamba. Lakini twajua yanayomrudisha mwalimu: nyumba isiyovuja, maji ya karibu, ambayo kwetu ni shida ya siku nyingi, na kijiji kinachomjali. Kamati ya shule iliyojenga nyumba ya mwalimu imekwisha kufanya zaidi ya nusu ya kazi ya kumwita.

Neno moja limebaki, nalo huwaponza watu wetu kuliko mitihani. Kijana huandikwa jina la ubatizo katika cheti cha kidato cha nne, jina la nyumbani katika cheti cha kuzaliwa, na jina la babu katika cheti cha ualimu. Chuo hakimjui ni yupi, wala Bodi haimjui. Vitazameni vyeti vyote mapema, na majina yakitofautiana nendeni kwa wakili au mahakamani mpate hati ya kiapo, na mahali inapotakiwa hati ya kubadili jina. Maombi kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakiisha kutoka. Wakati huo foleni ya mawakili Masasi ni ndefu, nasi twawasihi muwe mmemaliza kabla.