Mkato Mmoja Tu



Nilipokuwa mgeni katika kazi hii ya redio, familia moja ilileta tangazo la msiba. Nikalinakili hivi: “Baba Juma amefariki. Rudi nyumbani haraka.” Ujumbe wenyewe ulikuwa: “Baba, Juma amefariki.” Mtangazaji akasoma kama nilivyoandika. Mzee, aliyekuwa safarini, alisikia. Akadhani anatajwa Baba Juma mwingine. Aliporudi, mwanawe alikwisha kuzikwa.

Nililisoma tangazo lile mara mbili kabla ya kulitoa mkononi. Sikuona kosa, kwa kuwa jicho la mwandishi husoma alichokusudia, si alichoandika.

Tangu siku ile nina desturi. Nikimaliza kuandika, karatasi naiweka kando kidogo. Kisha naisoma kwa sauti, polepole, penseli mkononi. Sauti inapotua pasipo alama, natia mkato au nukta. Alama ya kuuliza nayo naitazama, maana “Mgonjwa amepona” na “Mgonjwa amepona?” ni maneno yale yale. Mwisho nampa mwenzangu asome, kwani nyani haoni kundule.

Nawe uandikaye barua leo, isome tena kabla hujafunga bahasha. Hadi juma lijalo, kwaheri.